Unga Mweusi wa Molibdeni

Nilipofika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, kule Lyngby, nilikuta molibdeni disulfidi ina heshima yake. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kile walionyesha kwamba unga huo mweusi, ukipitishiwa umeme ndani ya tindikali, huzalisha gesi ya hidrojeni kwenye kingo zake. Uso mpana, ambao ndio sehemu yake kubwa, umekaa bure. Kazi yangu ilikuwa kuufanya uso huo nao ufanye kazi.

Unga huu ni matabaka yaliyolaliana kama kurasa za kitabu, metali ya molibdeni ikibanwa kati ya safu mbili za salfa. Tabaka na tabaka hazikushikana sana, zinateleza, ndiyo maana unga huu hutiwa kwenye grisi. Kaka yangu, fundi magari wa Keko, Dar es Salaam, alikuwa akiipaka grisi hiyo kwenye jointi miaka mingi kabla sijaisoma mimi.

Tuliamua kupenyeza litiamu katikati ya matabaka. Litiamu hutoa elektroni, atomi za salfa zinajipanga upya, na unga uliokuwa ukipitisha umeme kwa shida unaupitisha kama metali. Kazi hiyo hufanyika ndani ya sanduku la kioo lililojaa gesi ya argoni, mikono imo kwenye glavu nene, maana butili-litiamu, kemikali inayoleta litiamu hiyo, ikigusana na hewa inaweza kuwaka yenyewe.

Alasiri ile nilidondosha tone la unga uliochanganywa na maji kwenye ncha ya elektrodi ya kaboni, likakauka, nikaitumbukiza kwenye tindikali ya salfa. Upande wa pili niliweka fimbo ya grafiti. Hapo sikukubali mjadala: ukiweka platini, huyeyuka kidogo kidogo ikahamia kwenye sampuli, ukaja kuisifu molibdeni kwa kazi isiyo yake. Unga usiotiwa litiamu ulikuwa umedai msukumo wa ziada wa zaidi ya milivolti 300 kufikisha mkondo wa miliampia 10 kwa sentimita ya mraba; msukumo ukipungua, ndivyo unga ulivyo bora. Safari hii mstari kwenye kompyuta uliporomoka mapema, ukapita miliampia 10 kabla ya milivolti 200. Nikainamia chupa. Viputo vilikuwa vikichomoza kwenye ncha, vinaungana, vinang'oka. Nilishindwa kukaa kitini.

Usiku nikampigia kaka.

"Shikamoo kaka. Imekubali!"

"Marahaba. Sasa, itadumu?"

Fundi haulizi kitu kingine, na aliuliza penyewe. Umbo lile la kimetali halijatulia. Lipashe joto, linarudi lilikotoka. Asubuhi niliandaa elektrodi nyingine, nikaiacha kwenye mkondo wa umeme mchana kutwa, nione kama itadumu.