Elektroni za Polepole na Molekuli za Uhai

Tunapozungumzia madhara ya mionzi mwilini, mara nyingi tunaiwazia miale yenyewe, ilhali sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na elektroni ambazo miale hiyo huzing'oa kwenye molekuli inazozipitia. Kila megaelektronivolti moja (elektronivolti milioni moja; elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati) inayoachwa mwilini huzalisha elektroni hizo kwa makumi ya maelfu, nyingi zikiwa na nishati isiyofika elektronivolti 100, na naamini hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa kwanza.

Elektroni haiwezi kung'oa elektroni nyingine isipovuka kizingiti cha molekuli husika, yaani nishati ya chini kabisa inayohitajika kuing'oa. Kwa maji, kizingiti hicho ni elektronivolti 12.6, kwa guanini, besi (moja ya molekuli zinazobeba ujumbe wa urithi) ya DNA iliyo rahisi kuliko zote kupoteza elektroni, ni takriban 8. Baada ya kizingiti, uwezekano wa kuionisha molekuli, yaani kuing'oa elektroni na kuiacha ikiwa ioni yenye chaji, hupanda hadi kilele karibu na elektronivolti 70 hadi 100, kisha hushuka taratibu, kwani elektroni yenye kasi mno huipita molekuli kabla haijaiachia nishati ya kutosha. Mwaka 1994 wanafizikia Yong-Ki Kim na M. Eugene Rudd walitoa fomula ya kukadiria uwezekano huo.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni yale yanayoipata molekuli ikishakuwa ioni. Mvuke wa adenini, besi nyingine ya DNA, ukigongwa katika ombwe kwa elektroni za elektronivolti 70, spektromita ya masi, kifaa cha kupima masi ya ioni, huonyesha ioni nzima yenye masi 135 (kwa vipimo vya masi ya atomi), kisha kilele cha 108 na kingine cha 81. Kila hatua ni 27, yaani molekuli moja ya sianidi ya haidrojeni imebanduka. Si ajabu, kwa kuwa atomi za adenini zinalingana kabisa na za molekuli tano za sianidi hiyo. Urasili, besi ya RNA yenye masi 112, hupasuka kwa njia nyingine: hupoteza asidi ya isosianiki na kubaki na 69.

Vipimo hivi, kwa maoni yangu, visihamishiwe kwenye seli moja kwa moja, maana humo maji yanayoizunguka molekuli hunyonya nishati ya ziada na kupunguza mpasuko. Wala kizingiti chenyewe si mpaka wa usalama. Mwaka 2000 kundi la watafiti la Léon Sanche, huko Sherbrooke nchini Kanada, lilionyesha kwamba elektroni zenye nishati chini ya kizingiti cha kuionisha hukata nyuzi za DNA, kwa kunaswa na molekuli kwa muda mfupi sana na kuiacha ikiwa ioni hasi isiyo thabiti.