Pango Kwanza, Mashine Baadaye: Hakaspesi ya Watu Wote Ngamiani

Kila anayesikia kwamba tumefungua hakaspesi huku Ngamiani, Tanga, huuliza kwanza tuna mashine gani. Akitajiwa vyuma vya kulehemea nyaya, mita za kupimia umeme, kompyuta kuukuu zinazotumia Linux, mfumo endeshi wa bure, jiliwa moja zito na keekee, uso wake huonyesha wazi kwamba alitarajia printa ya 3D na mikono ya roboti. Mimi humsubiri aulize jambo jingine, lile lililotukesha vikaoni kabla hatujapata hata meza: pango analipa nani, na ufunguo anao nani? Karakana iliyo wazi kwa umma husimama au huanguka kwa majibu ya maswali hayo mawili, na ndiyo nitakayoyaandikia hapa, kwa ajili ya wale wanaofikiria kuanzisha ya kwao Muheza, Moshi au kwingineko.

Kwa wasioizoea, hakaspesi ni karakana ya pamoja inayomilikiwa na kuendeshwa na wanachama wenyewe, ambamo mtu huja kutengeneza, kufumua, kujifunza na kufundisha bila kuwa mwajiriwa wala mwanafunzi wa yeyote. Mizizi yake iko Ujerumani, ambako Chaos Computer Club, chama cha wapenda kompyuta, kilianzishwa Berlin mwaka 1981 na karakana ya c-base ikafuata katika mji huohuo mwaka 1995. Mwaka 2007 kundi la Wamarekani lilisafiri kwenda kuzitazama karakana hizo, na waliporudi kwao zikazaliwa NYC Resistor mjini New York, HacDC mjini Washington na Noisebridge mjini San Francisco. Mwishoni mwa mwaka huohuo Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walieleza mbele ya mkutano wa Berlin yale waliyojifunza wenzao kwa miaka mingi, na ushauri wao ndio uliosambaa duniani. Waliusema bila madoido: wanaanza wawili, wanatafuta wengine wawili, kisha kundi linajitahidi kufika watu kumi, gharama za kudumu zilipwe kwa ada za wanachama, wala zisitegemee mfadhili, na kila wiki kuwe na siku moja ya kukutana isiyobadilishwa kwa sababu yoyote.

Ushauri wa kutotegemea mfadhili ndio unaobishaniwa zaidi kwetu, na ubishi huo una sababu. Vituo vingi vya ubunifu tunavyovijua Afrika Mashariki vilianza kwa fedha za nje. iHub ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilisaidiwa na wafadhili kutoka Marekani kabla ya kununuliwa na CcHub, kituo cha ubunifu cha Nigeria, mwaka 2019. Buni, iliyoanzishwa mwaka 2011 ndani ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, jijini Dar es Salaam, ilibebwa na mradi wa ushirikiano kati ya Tanzania na Finland. Sivibezi vituo hivyo, kwa maana vijana wengi walishika vifaa kwa mara ya kwanza katika vituo vya namna hiyo. Hata hivyo fedha za mradi huja na mwanzo na mwisho, na huja pia na swali la mradi: ni kampuni changa ngapi zimezaliwa mwaka huu? Kijana anayetaka tu kujua kwa nini feni ya bibi yake inazunguka polepole hana pa kuandikwa katika ripoti ya namna hiyo, ilhali karakana ya watu wote huanzishwa kwa ajili yake hasa.

Kwa hiyo tuketi na kalamu. Tuseme fremu inapangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na umeme, intaneti na mlinzi vinameza 100,000 nyingine. Mkigawana sawasawa watu 20, kila mmoja anadaiwa 15,000, kiasi kisichomtikisa mwenye mshahara lakini kinachomfukuza mwanafunzi kimyakimya. Ni afadhali kupanga ada kwa uwezo: waajiriwa 10 watoe 20,000 kila mmoja, mafundi waliojiajiri 8 watoe 10,000, na wanafunzi 4 watoe 5,000, ambapo jumla inatimia 300,000 bila mtu kuombwa asichonacho. Ugumu unakuja pale mwenye nyumba anapotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anapotaka ya mwezi mmoja iwe yake, kwa maana sasa mnahitaji 1,400,000 kabla ya kufungua kufuli. Kwa ada hizo, hiyo ni michango ya karibu miezi mitano ya watu wasio na chumba bado.

Wengi hukata tamaa hapa na kuanza kuandika maombi ya ufadhili. Maoni yangu ni kwamba miezi hiyo mitano ndiyo kipimo bora kuliko vyote. Kundi linaloweza kuchanga huku likikutana barazani kwa mtu, au katika darasa la kuazima Jumamosi jioni, litaendelea kuchanga likiwa na chumba. Na kundi linalosubiri chumba ndipo lichange, halitachanga hata likipewa jengo la ghorofa. Fedha zipitie akaunti yenye watia saini watatu, na kila mwezi orodha ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani. Kwenye orodha hiyo sisi tunaandika jumla tu, hatuandiki nani amelipa na nani hajalipa, kwa sababu mji ni mdogo na aibu humwondoa mtu haraka kuliko deni.

Mwenye nyumba naye ni sehemu ya mradi, apende asipende. Wetu ni bibi mmoja anayeishi uani, nyuma ya fremu yenyewe, na siku tulipokwenda kumwona alipokea shikamoo zetu, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema: “Haya wanangu, nambieni kweli. Humo ndani mwataka kufanya nini?” Tulimweleza kwamba tutatengeneza na kufundishana. Akauliza kama kutakuwa na kelele wakati wa sala, kama watakuja wasichana na wataondoka saa ngapi, na nani atalipia LUKU. Sijasikia kamati yoyote ikiuliza maswali ya maana zaidi ya hayo. Majibu tuliyompa yakawa sehemu ya kanuni zetu: keekee na misumeno hunyamaza wakati wa adhana na wa sala, chumba kina mita yake, na saa za umma huanza baada ya alasiri na kukoma isha, ili anayekaa mbali awahi daladala.

Mlango wenyewe ni habari ndefu. Noisebridge ilijulikana kwa kuruhusu mtu yeyote kuingia na kutumia zana bila kuwa mwanachama, chini ya kanuni moja kuu ya kutendeana wema, na maamuzi yake yakifanywa kwa maafikiano ya wote. Mmoja wa waasisi wake, Mitch Altman, ambaye ndiye aliyebuni kidude cha TV-B-Gone cha kuzimia televisheni za hadharani, ameitetea roho hiyo kwa miaka mingi. Lakini mlango usiofungwa katika mji ghali humleta pia mtu asiye na pa kulala, na baada ya miaka kadhaa wanachama walilazimika kuweka masharti kwa saa za usiku. Ohlig na Weiler walikuwa wametahadharisha mapema kwamba asiruhusiwe mtu yeyote kuishi ndani ya karakana, hata awe mwanachama mpendwa kiasi gani, maana aliyehamishia godoro lake mahali pa wote hawi tena mwenzenu. Anakuwa mwenyeji, nanyi wageni wake.

Sisi tumeamua kwamba uwazi ni saa, na tumeuandika mlangoni kwa saa. Ndani ya saa hizo yeyote anaingia bure, haandikishwi wala haulizwi anatoka wapi, na anatumia zana zote isipokuwa zile zenye alama nyekundu, ambazo mpaka aonyeshwe kwanza. Nje ya saa hizo wanaingia wanachama peke yao. Ufunguo hupewa mwanachama aliyekubali zamu, naye hubeba wajibu wa kufungua kwa wakati hata mvua ikinyesha, kwa kuwa mtu aliyetoka Chumbageni kwa baiskeli akakuta kufuli hatakuja tena, na hatakwambia kwa nini. Ipo na kanuni isiyojadiliwa: hakuna anayegusa mfumo, simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaliita jambo hilo kosa, nasi hatuhitaji kungoja sheria.

Zana zinaning'inia ukutani, na nyuma ya kila moja tumechora umbo lake kwa rangi nyeusi, ili koleo likichukuliwa ubaki uwazi wenye sura ya koleo na kila mtu auone. Ni mbinu ya karakana za zamani, nayo imetuondolea haja ya daftari la kuazima, ambalo kwa vyovyote lisingejazwa.

Anayetaka kuelewa kwa nini tunahangaika na haya yote angekuja jioni moja akae karibu na meza ya kulehemu. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja alileta amplifaya isiyowaka na kuanza kutafuta mchoro wake kwenye simu. Fundi redio wetu, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za redio za mkulima, hakutazama simu. Aliiweka mita kwenye alama ya dayodi, akagusisha ncha zake mbili kwenye dayodi ya kwanza karibu na transfoma, akazigeuza, akagusa tena. Dayodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu; hii mita ililia pande zote mbili. “Imekula shoti hii, mwanangu,” alisema, kisha akatoa mfukoni bodi ya televisheni mbovu, akaichomoa dayodi ya aina ya 1N4007, akampa kijana ailehemu mwenyewe. Kijana naye hakubaki na deni. Fundi ana mashine ya kutotolea vifaranga ambayo huidhibiti kwa kuwasha na kuzima taa kwa mkono, usiku na mchana, kwa siku 21 ambazo yai la kuku huhitaji. Wiki iliyofuata waliketi wawili hao na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, kihisi cha joto na relei, swichi inayowashwa kwa umeme, wakaandika programu ya kuishikilia nyuzi 37.5. Fundi hakuandika mistari mingi, lakini ndiye aliyeuliza kitu gani kitatokea umeme ukikatika saa nane za usiku, na swali hilo likawafanya waongeze betri.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa mkazo. Kabla ya kununua chombo chochote, mlipeni fundi mwenye leseni akague waya wa ardhi na kufunga swichi ya usalama inayokata pale milliampia 30 zinapovuja, kwa kuwa mtamkaribisha mtoto wa jirani kwenye volti 230. Risasi ya kulehemea ya kawaida ina madini ya risasi karibu asilimia 40, nayo ni sumu, hivyo karai la maji na sabuni si pambo, na hakuna kula mezani. Betri za litiamu zinazotolewa kwenye laptopu kuukuu hazichajiwi bila mtu kuwapo, na ndoo ya mchanga ikae karibu nazo.

Usajili haukutuumiza kichwa kama tulivyoogopeshwa. Kikundi cha kijamii huanzia kwa mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Njia ya asasi isiyo ya kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 ipo, na ina faida zake kwa wanaotaka miradi mikubwa, lakini kwa chumba kimoja ni koti la mtu mzima kwa mtoto. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inatolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanachama mwenye biashara aikope kwa kikundi cha biashara yake, pango lisilipwe kwa mkopo.

Sasa hivi liko mezani jambo ambalo halijaamuliwa. Shirika moja limetaka kutupa mashine ya kukata kwa leza, kwa masharti kwamba jina lake lipakwe juu ya mlango na kila baada ya miezi mitatu tupeleke ripoti ya wanufaika. Mashine ni nzuri, na fundi wetu wa vibao vya matangazo ameshaanza kuota michoro. Inahitaji bomba la kutolea moshi nje, mtu wa kuisimamia muda wote inapofanya kazi, kanuni ya kutokata plastiki ya PVC kwa kuwa hutoa gesi ya sumu yenye klorini, na umeme zaidi ya ule tunaoulipia leo. Nimepiga hesabu: ada ingelazimika kupanda, au tupate wanachama wapya wanne kabla ya mashine kufika. Katika kikao cha Jumanne nitapendekeza tuwatafute hao wanne kwanza, tuipokee mashine bila bango, na tulijibu shirika kwamba anayetaka kujua wanufaika aje akae nasi kuanzia alasiri hadi isha, siku yoyote aipendayo.