Kilichouzwa ni mavuno: ardhi, deni na maskini katika Israeli ya kale

Mahubiri mengi kuhusu mwaka wa Yubile, ule wa 50 baada ya mzunguko wa miaka 49, ambapo shamba lililouzwa lilirudi kwa ukoo wake, huanzia kwenye tarumbeta iliyoutangaza na kuishia hapo hapo. Hesabu iliyo katikati hurukwa, na hesabu ndiyo kiini cha sheria yenyewe. Mambo ya Walawi 25:15-16 inapanga bei ya shamba kwa idadi ya mavuno yaliyosalia mpaka Yubile: miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache inashuka. Tuseme mtu anauza mwanzoni mwa mwaka wa 38 wa mzunguko. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka wa 49 kuna miaka 12, na miwili kati yake, wa 42 na wa 49, ni ya kupumzisha ardhi. Mnunuzi analipia mavuno 10, basi. Yeyote anayekodi ekari kwa misimu anaielewa biashara hii bila kufafanuliwa.

Kipimo chenyewe tunakipata Walawi 27:16, kwenye kanuni za shamba lililowekwa wakfu. Eneo linalopandwa homeri moja ya shayiri, kiasi cha mzigo wa punda, lilithaminiwa shekeli 50 za fedha kwa mzunguko mzima, yaani karibu shekeli moja kwa mwaka. Shekeli za mawe zilizochimbuliwa Yuda zina gramu 11 na ushei. Kupima shamba kwa mbegu kulikuwa na maana katika milima ile yenye matuta ya mawe, ambako vipande viwili vinavyolingana kwa macho vinaweza kupishana sana kwa kina cha udongo.

Sababu ya yote hayo imewekwa kwenye Walawi 25:23: ardhi ni ya Mungu, na Waisraeli ni wageni wake juu yake. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea hati za miaka 33, 66 au 99 na ardhi iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini, ataona kufanana. Lakini hapa muda ukiisha shamba lilirudi kwa ukoo ulioliuza. Mfalme hana nafasi yoyote kwenye sura hiyo, wala kama mdhamini, na naamini waandishi walimwacha nje kwa makusudi. Huko Babeli wafalme walikuwa wakifuta madeni kwa amri walipotaka kupendwa, mara nyingi mwanzoni mwa utawala. Amri ya Ammi-saduqa ya karne ya 17 KK tunayo mpaka leo. Walawi inaiondoa huruma hiyo mkononi mwa mfalme na kuiweka kwenye kalenda.

Sura ya 25 imepangwa kwa kumfuata mkulima anavyoanguka. Maneno ya ndugu yako kuwa maskini yanarudi mara nne, mistari ya 25, 35, 39 na 47, na kila mara hali ni mbaya zaidi. Kwanza anauza sehemu ya shamba. Jamaa wa karibu anatakiwa alikomboe, au yeye mwenyewe akipata nafuu anarudisha fedha ya miaka iliyobaki na kulichukua. Pili hana tena cha kujitegemeza. Jirani amsaidie, na asimtoze riba ya fedha wala ya chakula. Tatu anajiuza mwenyewe kwa Mwisraeli mwenzake. Atumike kama kibarua wa mshahara, si mtumwa, na Yubile ikifika aondoke na watoto wake. Nne anajiuza kwa mgeni tajiri. Hapo ndugu, baba mdogo au binamu anaweza kumkomboa siku yoyote, kwa hesabu ya ujira wa kibarua kwa miaka iliyosalia.

Hatua ya pili ndiyo iliyowamaliza wengi. Mvua za nchi ile hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Zikichelewa au zikikatika, familia inakula mbegu, kisha inakopa nafaka ili ipande. Babeli mkopo wa nafaka ulizoeleka kutozwa theluthi, na wa fedha moja ya tano. Kwenye kisiwa cha Elefantine huko Misri, katika karne ya 5 KK, jumuiya ya Wayahudi iliacha hati za mafunjo, na katika mojawapo mwanamke anakopa shekeli 4 kwa riba ya halluri 8 kila mwezi. Shekeli moja ilikuwa na halluri 40, kwa hiyo ni asilimia 5 kwa mwezi, 60 kwa mwaka. Riba isiyolipwa inaingizwa kwenye deni na kuzaa riba nyingine. Deni la namna hiyo halingojei Yubile. Ndani ya misimu miwili shamba limeshakwenda.

Kisha kuna rehani, na hapa Torati inashuka mpaka kwenye vyombo vya ndani. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa sababu bila hilo hakuna unga wala mkate. Mkopeshaji asiingie nyumbani kuchagua anachokitaka. Asimame nje, mdaiwa amletee. Vazi la mjane halichukuliwi kabisa. Vazi la maskini likichukuliwa lirudishwe jua linapozama, maana ndilo blanketi lake (Kutoka 22:26-27). Rehani inayorudishwa kila jioni haimfai mkopeshaji kitu, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa.

Tunayo sauti ya mtu mmoja wa aina hiyo. Mwaka 1960, kwenye ngome ndogo karibu na Yavne-Yam, pwani ya Mediteranea, mwanaakiolojia Joseph Naveh alichimbua kigae cha chungu kilichoandikwa kwa wino mistari ipatayo 14, cha mwishoni mwa karne ya 7 KK. Ni malalamiko ya kibarua wa mavuno kwa mkuu wa ngome. Anasema amevuna, amepima na kuweka ghalani kama kawaida, kisha Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akachukua vazi lake. Anawataja wenzake waliovuna naye juani kuwa mashahidi. Hasemi sheria ya Musa inasema hivi au vile. Anaomba arudishiwe, na kama mkuu haoni kuwa ni wajibu wake, basi amhurumie. Mwisho wa kigae umevunjika. Miaka mia moja na zaidi kabla yake, nabii Amosi alikuwa ameshawalaumu watu wanaojinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani (2:8).

Masazo ya shamba mara nyingi huhesabiwa kuwa sadaka. Hayakuwa sadaka. Pembe za shamba, masuke yaliyodondoka na mganda uliosahauliwa vilikuwa mali ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Mwenye shamba hakuwa na ruhusa ya kuvigusa. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi wa yapata mwaka 200 BK, inaweka kiwango cha chini cha pembe kuwa sehemu moja ya 60 ya shamba. Wanafunzi wa shule ya rabi Hillel walisema masuke mawili yaliyodondoka pamoja ni ya maskini, matatu ni ya mwenye shamba. Shule ya mpinzani wake Shammai ikawapa maskini hata matatu. Na mwenye shamba anayemruhusu maskini mmoja kuokota na kumzuia mwingine amehesabiwa kuwa anawaibia maskini. Ruthu, mjane mgeni katika kitabu cha Biblia chenye jina lake, kwa siku moja ya kuokota na kupura, alipata kama efa ya shayiri, inayokaribia debe moja. Tukumbuke lakini kwamba Boazi, mwenye shamba, alikuwa amewaagiza vijana wake wamtolee masuke kwenye miganda makusudi; mwokotaji wa kawaida hakufikia kiasi hicho.

Kitabu hicho hicho kinaonyesha mahali ukombozi unapokwama. Langoni, mbele ya wazee kumi, jamaa aliye karibu zaidi kuliko Boazi anakubali haraka kulikomboa shamba la ukoo wa marehemu mume wa Ruthu. Anaposikia kwamba pamoja nalo kuna Ruthu na wajibu wa kumwinulia marehemu jina, anajitoa, asije akauharibu urithi wake mwenyewe, na anavua kiatu, ishara ya kuachia haki yake. Alikuwa na fedha, ila hesabu haikumlipa. Hakuna adhabu iliyotajwa kwa jamaa anayekataa, na huo ni udhaifu mkubwa wa utaratibu mzima.

Nabii Yeremia alikubali kukomboa wakati ambapo hesabu haikulipa kabisa. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, naye yuko kifungoni, ndipo binamu yake Hanameli akamjia na shamba la Anathothi. Alipima shekeli 17 kwenye mizani, kama gramu 190 za fedha, mbele ya mashahidi. Hati ziliandikwa mbili: moja ikafungwa na kutiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi ya kusomwa. Baruku, mwandishi wake, akaziweka zote katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Ni wazi kwamba nakala ya muhuri iliilinda ile ya wazi isichezewe.

Mfalme alipotaka shamba, hata hati isingesaidia. Ahabu, mfalme wa Israeli, alitaka shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli, akampa masharti mazuri: shamba bora la mizabibu au fedha taslimu. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa mfalme, hakutuma askari, alitumia mahakama. Barua zenye muhuri wa mfalme, wazee wa mji, mashahidi wawili kama sheria inavyodai, shtaka la kumlaani Mungu na mfalme, mawe. Wengi hawajiulizi warithi walikwenda wapi. Jibu liko 2 Wafalme 9:26: damu ya wanawe nayo ilimwagika. Ili kuvunja sheria ya urithi ilibidi ukoo ukatwe.

Karne moja baadaye haikuhitajika damu. Manabii Isaya na Mika waliwaona watu wakiunganisha shamba na shamba mpaka pasibaki nafasi, na Amosi akataja njia zao: efa ndogo, shekeli nzito, makapi yanayouzwa pamoja na ngano, hongo langoni. Huko Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, vitanda vya pembe za ndovu ambavyo Amosi anavitukana vinathibitishwa na mamia ya vipande vya nakshi za pembe vilivyochimbuliwa katika jumba la kifalme. Hapo hapo, mwaka 1910, msafara wa George Reisner ulipata vigae vya karne ya 8 KK vinavyoorodhesha divai kuukuu na mafuta safi kutoka vijijini. Baadhi ya maeneo yanaitwa Noa na Hogla, majina ya mabinti wawili wa Selofehadi waliodai urithi wa baba yao kwenye Hesabu 27. Majina ya mabinti yalikuwa bado yamekaa kwenye ardhi. Divai na mafuta vilikuwa Samaria.

Kuhusu Yubile, hakuna simulizi lolote katika Biblia la mwaka ambao iliadhimishwa. Kufuta madeni kila mwaka wa saba kulijaribiwa zaidi, na tatizo lake lilijulikana mapema: Kumbukumbu 15:9 inamwonya anayegoma kukopesha kwa sababu mwaka wa saba umekaribia. Hillel, karne ya 1 KK, aliona maskini wamefungiwa milango kabisa, akaweka prosbuli, hati ambayo kwayo mkopeshaji alikabidhi madai yake kwa mahakama ili yasifutwe. Mikopo ikapatikana tena, na msamaha ukafa. Simlaumu, ila aliyefaidi zaidi alikuwa mkopeshaji.

Nehemia, gavana wa Yuda chini ya Uajemi katika karne ya 5 KK, alipita njia nyingine. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi, na mabinti wao walikuwa wameshaingia utumwani. Aliwakemea wakubwa kwenye kusanyiko la wazi, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akadai mashamba, mizeituni na nyumba virudishwe siku hiyo hiyo pamoja na riba ya sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, kisha akawaita makuhani na kuwaapisha. Vilirudishwa. Kodi iliyowapeleka kwa wakopeshaji ilibaki vilevile, na sura ya 9 ya kitabu hicho inawakuta wakilalamika kwamba wao ni watumwa katika nchi waliyopewa baba zao, na mazao yake mengi wanayapata wafalme.