Siku moja maishani mwangu: daraja la miguu juu ya hori

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai natazama jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Leo ni bamvua, siku ya maji makubwa, na kwetu Mombasa bamvua hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku yangu itafuata saa hizo mbili, maana tunasanifu daraja la waenda kwa miguu juu ya hori moja, mkono wa bahari, upande wa Kwale, katikati ya mikoko.

Saa moja. Feri ya Likoni. Nasimama pembeni nikitazama watu wanavyopishana na mikokoteni, baiskeli na ndoo za samaki. Upana wa daraja nautafuta hapa.

Saa nne. Maji yamekupwa. Akina mama wanavuka topeni, kanga zimekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, beseni kichwani. Mimi na mpima ardhi tunachagua mahali pa nguzo. Zitakuwa chache na zenye nafasi kubwa kati yake, ili maji yazidi kupita bila kuzuiwa. Mizizi ya mkoko ikifukiwa na mchanga, mti hufa. Nguzo ni za zege, na nondo za chuma ndani yake zitafunikwa kwa tabaka nene, kwani chumvi ikizifikia hushika kutu, hufura na kulipasua zege.

Saa nane. Baada ya sala ya adhuhuri tunakaa na wanakijiji chini ya mwembe. Nawaamkia wazee, kisha mmoja wao ananiuliza, “Mwanangu, babu zetu walijenga kwa boriti na chokaa. Mbona nyinyi hamtaki?”

Swali hilo nalipenda, na linastahili jibu kamili. Chokaa ile ilitoka kwenye matumbawe, yakachomwa kwa kuni nyingi, za mikoko pia. Tukirudia leo, daraja litaila bahari yenyewe. Kwa hiyo boriti zetu za juu zitakuwa za mvinje uliopandwa na wakulima wa hapa pwani. Huo ndio mti uliostawi kwenye machimbo makavu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kuyafufua mwaka 1971. Tunachorithi kwa babu zetu ni namna ya kukaa: baraza za kuketi ubavuni, na kivuli juu ya njia, kama wikio la Lamu linalounganisha nyumba mbili juu ya uchochoro. Kuna waliotaka tubandike nakshi kwenye vyuma vya pembeni, basi. Sikubali. Utamaduni wa daraja ni watu wanachokifanya juu yake.

Muuza samaki mmoja anakwenda kwenye jambo lenyewe: “Na sisi mtatuweka upande gani? Jua la alasiri linaharibu samaki.” Daraja linaelekea kaskazini na kusini. Nachora papo hapo: meza za samaki upande wa mashariki, na paa la makuti literemke zaidi upande wa magharibi. Anaishika karatasi, anaigeuza, ananiambia nisogeze meza zisizibe njia ya mkokoteni. Nasogeza.

Saa kumi jioni. Maji yamejaa. Tunatia alama ya rangi kwenye mti wa kupimia. Ngalawa inapita, na nahodha anaeleza kuwa yuko tayari kulaza mlingoti, ila asilazimike kuinama yeye. Kila mita moja tunayoinua daraja inadai mita 12 za mteremko kila upande, ili kiti cha magurudumu kipande bila taabu. Tunakubaliana tuinue katikati tu.

Saa tatu usiku. Hesabu. Uzito wa umati ni takriban kilo 500 kwa kila mita ya mraba, na hilo si gumu. Kinachonishughulisha ni zefe: harusi au Maulidi, matari yanalia, mamia wanatembea kwa mwendo mmoja. Kule London, tarehe 10 Juni 2000, Millennium Bridge liliyumba kwa nyayo za watu siku lilipofunguliwa. Likafungwa hadi 2002, baada ya kuwekewa vizuia mtikisiko. Nyayo husukuma pembeni takriban mara moja kwa sekunde, nami nataka mtikisiko wa asili wa daraja, yaani kasi ambayo hutikisika lenyewe likisukumwa, uwe mbali na hapo. Nakaza mihimili ya chini kwa vyuma vya mshazari, napiga hesabu upya, na safari hii namba zinakaa sawa. Mchoro naupeleka kwa seremala, aanze na kipande cha baraza tukijaribu kwanza nchi kavu.