Jina Moja Lililobaki Kwenye Skrini

Jioni moja ya Mei 2020, nilipomaliza kufundisha kwa Zoom nikiwa kwenye meza ya jikoni kwangu Nairobi, majina ya wanafunzi yalitoweka moja baada ya jingine hadi likabaki la fundi wa kompyuta wa kitivo chetu, kijana ambaye tangu vyuo vifungwe mwezi Machi ndiye aliyetuwezesha sote kufundisha. Nilimwambia kipindi kimekwisha. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, naomba usikate kwanza."

Aliishi peke yake katika chumba cha kupanga huko Kasarani. Kafyu ilianza saa moja jioni, na kwa kuwa tangu Aprili 6 watu walikuwa wamezuiwa kuingia na kutoka Nairobi, hakuweza kwenda kwa mama yake Busia. Alinieleza kwamba hapati usingizi, kwamba simu ikilia moyo humwenda mbio, na kwamba siku mbili mfululizo alikuwa amesonga ugali akaumwaga bila kuuonja. "Kila anayenipigia," alisema, "ananipigia kwa sababu kitu kimeharibika."

Huku nikimsikiliza nilifungua orodha ya simu nilizopiga. Wiki hiyo nilikuwa nimempigia mara saba, mojawapo saa tano usiku, na sikukumbuka kumuuliza habari za nyumbani hata mara moja, mimi niliyelelewa kutompita jirani bila kumjulia hali.

Tulizungumza hadi saa nne kasorobo. Nilimpa nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, waliokuwa wakitoa ushauri nasaha kwa simu, na kesho yake nikaomba asipigiwe tena baada ya saa mbili usiku. Ombi hilo lilikubaliwa baada ya wiki tatu, jambo linaloniuma hadi leo, kwa maana chuo kilikuwa kimetutumia fomu juu ya fomu kuhusu vipindi na mahudhurio, wala hakuna iliyouliza mfanyakazi analalaje. Mwezi Julai, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipopendekeza matatizo ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, niliyemfikiria kwanza ni yeye.

Zuio la Nairobi liliondolewa saa kumi alfajiri, Julai 7. Asubuhi hiyohiyo alipanda basi la Busia, akaizima simu yake, na kwa siku tatu hakuna mhadhiri aliyempata.