Besi ya 1969 niliyoiapia kuwa ya 1966

Wiki nzima niliapa kwamba besi ile (gitaa la sauti nzito) ni ya 1966. Nilitangaza Kirumba, nikatangaza Nyamanoro, huku kwetu Mwanza, na ushahidi nilikuwa nao: namba imegongwa kwenye chuma, haifutiki. Namba ilikuwa ya kweli. Aliyeisoma, yaani mimi, ndiye aliyekuwa na tatizo.

Ni Precision ya Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, mali ya mzee mmoja aliyepiga muziki wa dansi enzi zake. Alitaka kujua umri wake kabla mnunuzi hajampangia bei. Alikuwa ameshashauriwa mara mbili, na mara zote vibaya. Fundi wa kwanza alimwambia asome seriali namba mgongoni, basi. Wa pili alimwambia aangalie rangi ilivyochakaa. Kwa gitaa lililokaa miaka kwenye joto la Mwanza na upepo wa ziwa, rangi itakwambia lilivyotunzwa, umri wake hapana.

Seriali namba hiyo iko kwenye bamba la chuma la mgongoni, lililoshikwa na skrubu nne. Mwenye bisibisi analihamisha kutoka besi hii kwenda ile kwa dakika kumi. Herufi F kubwa iliyochorwa juu yake ilianza baada ya kampuni ya utangazaji ya CBS kuinunua Fender mwaka 1965, ikaendelea hadi 1976, namba zilipohamia kwenye kichwa cha gitaa. Yetu ina tarakimu sita na inaanza na 26, kundi ambalo huangukia karibu na 1969. Nikaipuuza, kwa sababu najua kiwandani mabamba yalichotwa boksini bila kufuata mpangilio. Najua mengi, ndiyo maana nilikosea.

Nikaenda kwenye poti, yaani vile viduara vya chuma vilivyo chini ya nobu za sauti. Precision inazo mbili. Legeza nyuzi, fungua kinga ya plastiki, inua taratibu maana nyaya ni fupi. Mgongo wa poti ulikuwa na kutu na vumbi lililogandana. Mswaki wa zamani na matone ya spiriti vilitosha. Usikwaruze kwa kisu, namba haina kina. Tochi uilaze pembeni, mwanga upite juu ya chuma, ndipo tarakimu zinainuka. Nikapata 1376633.

Inasomwa hivi: tatu za kwanza ni kiwanda cha poti, na 137 ni CTS (ukikuta 304 ni Stackpole). Mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo wiki ya 33 ya 1966. Poti ya pili hivyo hivyo. Risasi ya kulehemu ilikuwa imefifia, ya kijivu, haijaguswa tangu kiwandani. Ingekuwa inang'aa ningejua kuna fundi redio amepita. Nikafunga, nikampigia mzee: "Shikamoo mzee, ni ya sitini na sita." Akafurahi. Bei ikapanda hapo hapo kichwani mwake.

Kilichonitibua ni chini ya pikapu (si gari, ni sumaku zinazosikiliza nyuzi). Kibao chake ni cha kijivu, kumaanisha kuanzia 1964, sawa. Lakini rangi ya mwili ilikuwa nene kama ganda la plastiki. Nikachovya pamba kwenye asitoni ya kutolea rangi ya kucha, niliyoinunua sokoni Makoroboi kwa hela ya soda, nikaigusisha mahali pasipoonekana, chini ya kinga. Vanishi ya zamani ya nitro huanza kunata mara moja. Hii haikutikisika. Fender walihamia rangi ngumu ya aina hiyo 1968. Tena uso wa kichwa ulikuwa wa manjano kuliko mgongo wa shingo, kwa kuwa pale juu, penye nembo, waliendelea na vanishi ya zamani. Sasa 1966 inatoka wapi?

Ikabidi shingo ing'oke, kazi niliyokuwa nikiikwepa, maana skrubu zilikuwa zimeota kutu hadi kwenye mbao. Mtu akikwambia utoboe kwa drili, mnyang'anye gitaa. Fanya hivi: chokonoa kutu kwenye msalaba wa skrubu kwa sindano, kisha egemeza ncha ya chuma cha kulehemea juu ya kichwa cha skrubu dakika moja au mbili. Chuma kinatanuka, kutu inaachia. Kikipoa, chukua bisibisi ya nyota namba 2 inayojaa vizuri, ukaze kidogo kwanza, mpaka usikie "ta!", ndipo ufungue. Tatu zilitoka kwa amani. Ya nne niliichoma mara tatu, na harufu ya mbao ikanitia hofu, lakini ilitoka nzima. Shingo itikise kwa mkono tu, usiingize kisu. Ukikuta kipande cha kadibodi mle ndani kihifadhi, kinashika pembe ya shingo.

Kwenye kisigino cha shingo, yaani mwisho wake unaokaa ndani ya mwili, palikuwa na muhuri: 5 AUG 69 B. Kijana aliyeshika tochi akashangilia, "Tarehe 5 Agosti!" Hapana bwana. Hiyo 5 ni namba ya aina ya shingo, ya Precision. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, huwa na 7. B ni upana wa shingo. Kilichobaki ni Agosti 1969, na hiyo ni tarehe ya shingo, si ya gitaa kukamilika. Kuanzia 1973 mihuri ikawa mfululizo wa tarakimu, na hapo wiki, mwaka na siku vimebanana mwishoni.

Na poti? Fender walijaza stoo poti za 1966, wakazitumia hadi mwishoni mwa miaka ya sitini. Poti inakwambia besi haikutengenezwa kabla ya tarehe ile. Baada yake, hata miaka mitatu, inawezekana. Namba niliyoipuuza ya 26 ndiyo iliyokuwa sahihi tangu mwanzo, ingawa peke yake isingenitosha. Nilikagua pia matundu ya skrubu kwenye kisigino: seti moja tu, hakuna lililozibwa, kwa hiyo sikuona dalili ya shingo kuhamishwa.

Nilipaka skrubu nta ya mshumaa, nikazirudisha kwa kuzungusha kinyume kwanza mpaka njia yake ya zamani ishike. Mzee nilimwandikia karatasini: shingo Agosti 1969, poti 1966, gitaa la mwisho wa 1969 au mwanzoni mwa 1970. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwa hiyo ile ya sitini na sita uliitoa wapi?"