Ukuta mmeuacha, na ardhi yake je?

Kila nikitaja magofu ya Fukuchani, huku kwetu kaskazini ya Unguja, Zanzibar, hakosi mtu wa kunijibu "aah, si yapo pale hayajaguswa?" Sawa, yapo. Lakini jamani gofu sio ukuta tu, na kuanzia Mkokotoni mpaka Nungwi pwani yote ishatupiwa jicho na wajenzi wa hoteli, basi watu wanadhani ukizungusha waya ukaacha hatua mbili tatu kila upande ushahifadhi, kilobaki piga bikoni jenga.

Lile gofu la Fukuchani ni nyumba ya mawe ya karne ya 16, mtaani wanaiita ya Wareno ingawa wataalamu wengi wanaona ni kazi ya Waswahili wenyewe (na mie niko nao, mawe ya matumbawe, chokaa, vidaka ukutani, Mreno gani huyo?). Sasa waliokuja kuchimba mambo ya kale pale wakakuta kuna kijiji kikongwe zaidi, cha kama karne ya 6 mpaka ya 8, nyumba za miti na udongo, vigae vya vyungu, na vyombo vingine vimetoka huko Ghuba ya Uajemi. Hicho kijiji hakina ukuta wa kupigia picha. Kiko chini ya mchanga, na tingatinga la kusawazisha kiwanja likipita asubuhi moja tu kimekwisha, tena hata dereva hajui kama kavunja kitu, vigae kwake takataka.

Mvuleni, gofu jingine la nyumba ya mawe jirani na hapo, ndo usiseme. Pango lenye maji baridi, yaani ndo sababu ya watu kukaa pale, liko nje ya ukuta wa nyumba! Ukipima kwa ukuta peke yake umelitoa.

Hoteli sizipingi, ndugu zangu wanakula humo. Ninachotaka mchimbaji wa mambo ya kale aje kabla ya mpima viwanja. Na linawezekana, maana ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, mwekezaji anakodishwa tu, kwa hiyo sharti la kuchimba kwanza liandikwe kwenye mkataba wake kabla hajashusha hata lori moja la mchanga, gharama alipe yeye, na sheha (kiongozi wa serikali hapo mtaani) apewe ramani yenye eneo zima, pango ndani kijiji ndani, sio kiboksi kilochorwa kuzunguka mawe.